Biskuti ya Kumi na Tisa

Bathsheba alikuwa amefikisha miaka arobaini na mmoja siku alipogundua kwamba hata kiberiti hupimwa. Alikuwa amesimama ndani ya duka la jumla la Abdikarim, katikati ya mji wa Migori, akingoja mwenye duka amalizane na wateja wa Kehancha, na mikono yake haijui kukaa bure. Akaokota kiberiti, akakigeuza, akaona alama ndogo imechapwa ubavuni. Akakirudisha, akachukua pakiti ya chumvi. Alama ileile. Akageuza unga wa ngano, sabuni ya kufulia, mafuta ya kujipaka, daftari la shule, waya wa umeme. Kila alichogeuza kilikuwa nayo, kwenye kona ambayo mtu hana sababu ya kuitazama.

Usimcheke. Wewe mwenyewe uliitazama lini mara ya mwisho? Bathsheba alipigwa na bumbuazi pale pale. Vitu hivi alikuwa amevinunua maisha yake yote, akavila, akajipaka, akawashia moto, na kumbe kuna mtu mahali fulani aliyekaa akavunja kijiti cha kiberiti ili ajue kama kinafaa kumfikia yeye, jikoni kwake huko Ndhiwa. Watu hao ni kina nani? Wako wangapi? Na wanalala saa ngapi, kama ni kweli wanapima kila kitu cha nchi hii?

"Mama, mbona unakagua duka yangu hivyo?" Abdikarim alimwuliza alipomaliza na wateja. "Siku hizi umeandikwa na serikali?"

"Naangalia hii," Bathsheba akamwonyesha alama. "Iko kwa kila kitu?"

"Kila kitu inalala kwa hii duka lazima ikuwe nayo. Maafisa wakikuta kitu haina hiyo wanabeba, na mimi wananibeba. Ndio maana nilikuita, mama. Biskuti yako tamu, wallahi. Lakini ikikuja hapa kwa karatasi ya gazeti, mimi sitaigusa."

Sasa tuseme ilivyokuwa mpaka mwuza biskuti wa Ndhiwa akaitwa na tajiri wa Migori.

Bathsheba alizaliwa Kabondo, akaolewa Ndhiwa, na huko ndiko watu wakamwita nyar Kabondo, yaani binti wa Kabondo, kama wanavyoitwa wake wote walioletwa kutoka kwingine. Kwa miaka mingi aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, aliokuwa akiwafuata gatini Homa Bay kila wiki. Omena wakibaki huwa hawana faida, wananuka na kuvunjika. Siku moja aliwakaanga mabaki bila mafuta, akawasaga, akachanganya unga wao na unga wa mtama mwekundu, chumvi na pilipili kidogo, akakanda, akausukuma unga mpaka ukawa mwembamba, akaukata vipande vya mraba kwa rula ya mwanawe wa shule na kuvioka. Zikatoka biskuti za chumvi ambazo mtu akila moja hawezi kuiacha ya pili. Mwenye mashine ya kusaga alilalamika kwamba unga wa watu utanuka samaki, wakakubaliana kwamba Bathsheba atasaga Alhamisi jioni peke yake, halafu mashine ioshwe kwa pumba. Mwanzo ulikuwa huo.

Kwenye soko la Ndhiwa aliziuza kutoka kwenye beseni, na hapo alikuwa na mshirika: Leonida, mke wa kaka wa mumewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, ambaye wengi humwita Mama Tony. Bathsheba alioka, Leonida aliuza. Na katika kuuza hakuna aliyemfikia. Anakupimia zako, anakufungia, kisha wewe unasema "medna", niongezee, naye anakutazama kana kwamba umemwomba shamba, anaguna, halafu anakutupia moja juu. Hata usiposema, anakutupia. Mtu kuondoka na alichonunua tu, hicho na basi, kwa Leonida ilikuwa ni sawa na kumfukuza mgeni mlangoni.

Mchimbaji mmoja wa dhahabu aliyekuwa amekwenda mazishini Ndhiwa alirudi Osiri na furushi la biskuti hizo. Wachimbaji hushinda mashimoni wakitoka jasho, na mwili uliopoteza jasho unataka chumvi. Wakaanza kuziulizia katika duka la Abdikarim la Osiri, kisha lile la Macalder. Abdikarim, ambaye watu wake ni wa Garissa na ambaye biashara huinusa kutoka mbali, akamtafuta mwokaji. Masharti yake yalikuwa machache na hayakuwa na mjadala: biskuti zifungwe kwenye pakiti, pakiti iandikwe, na iwe na alama ya ubora. Zikipata alama, maduka yote matatu ya Abdikarim yatazipokea. Zikikosa, basi abaki na beseni lake, na wasilaumiane.

Bathsheba aliitaka alama ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hakuwa na tamaa ya mali, au tuseme hakuwa nayo nyingi. Alichokitaka ni biskuti yake iende mahali ambapo sauti ya Leonida haifiki. Iende kwa mtu asiyemjua, imkute mezani, naye aile.

Basi akaingia katika safari ya makaratasi. Akapimwa afya Homa Bay, kinyesi na makohozi, kama wapimwavyo wote wanaoshika chakula cha watu. Chumba cha kuokea kikapigwa rangi nyeupe, kikatiwa wavu madirishani. Mifuko ikachapwa Nairobi: biskuti za omena na mtama, gramu mia moja, viungo, tarehe, nambari ya mkupuo, yaani ya kila uokaji. Na siku moja akaja afisa wa viwango, msichana mwembamba aitwaye Liz, amevaa koti jeupe na viatu vya mpira, na kalamu nyuma ya sikio.

"Chumvi mnaweka kiasi gani?" Liz aliuliza.

"Ya kutosha," Bathsheba akajibu.

"Ya kutosha haiandikiki, mama."

Wakanunua mizani. Bathsheba, ambaye mkono wake ulikuwa umetia chumvi kwa miaka ishirini bila kukosea, aliweka kiganja kilekile cha chumvi juu ya mizani mara tano, na mara zote tano mizani ilisema gramu thelathini na nane. Liz alitazama nambari, akamtazama Bathsheba, akaandika. Nyusi zake ziliinuka, na Bathsheba aliliona hilo na kulihifadhi moyoni.

Sampuli za kwanza zikachukuliwa, zikaenda maabara Kisumu. Zikaanguka. Barua ilisema unyevu ni mwingi kupita kiwango; yaani biskuti zimelegea ndani ya pakiti kabla ya wakati wake. Bathsheba akaongeza dakika tatu za kuoka. Sampuli za pili zikaanguka kwa kosa lilelile. Barua hii ya pili ilikuwa na sentensi moja zaidi, na sentensi hiyo ilimnyima usingizi: sampuli ya tatu ikianguka, ombi linafungwa.

Abdikarim naye akapiga simu. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama, kuna watu wa kutoka mbali wananiletea biskuti ingine ya chumvi. Rafu ya Osiri iko wazi, na rafu haiwezi kukaa wazi milele. Hii sampuli moja nakungoja."

Akamwambia Leonida. Leonida akasema, "Hiyo maabara yao ndiyo ina unyevu. Kisumu iko kando ya ziwa."

Bathsheba alioka mkupuo mwingine, akauonja ukiwa moto, akauonja ukipoa. Ulikuwa mkavu. Akafungua pakiti kumi za wiki mbili zilizopita. Sita zilikuwa kavu kabisa, nne zilikuwa laini. Unga mmoja, oveni moja, siku moja. Alizipanga mezani akaziangalia mpaka akaanza kuogopa. Kuna maswali ambayo mwanamke aliyezaliwa Kabondo hujiuliza akiona kitu kinaharibika bila sababu, na yeye alijiuliza yote, hata yale ambayo mchungaji wake asingependa. Nani anakiangalia chakula changu kwa jicho baya? Akampigia simu Liz, akamwomba aje aone kwa macho yake kabla ya kuchukua sampuli ya mwisho.

Liz akaja siku ya Jumanne, mapema, akaomba kiti, akakaa kwenye kona ya chumba cha kuokea. Hakufanya lolote. Aliwaangalia tu tangu kukanda mpaka kufunga. Leonida hakupenda kuangaliwa hivyo na mtoto wa juzi, akawa anagongesha trei kwa makusudi. Bathsheba alihesabu biskuti kumi na nane, akapima gramu mia moja, akatia mfukoni, akausukuma mfuko upande wa pili wa meza. Upande wa pili alikaa Leonida na mashine ya kuzibia, ile ya kubonyeza ambayo taa yake nyekundu huwaka, na ikizimika unaachia. Mikono yake ilikwenda haraka. Bathsheba alikuwa amempa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyeweza kuziba mdomo wa mfuko ukanyooka kama yeye.

Saa sita Liz akasimama, akaomba beseni la maji safi.

"Unataka kunawa?" Bathsheba akauliza.

"Nataka kuonyesha kitu."

Akachukua pakiti moja iliyozibwa, akaizamisha majini, akaibana polepole kwa viganja viwili. Hakuna kilichotokea. Akachukua ya pili. Hakuna. Akaizamisha ya tatu, akaibana, na kutoka kwenye kona ya mdomo wa mfuko kikapanda kiputo kimoja kidogo, kikafuatwa na kingine, na kingine, mstari mwembamba wa viputo ukipanda mpaka juu ya maji na kupasuka.

Bathsheba akashika shavu. Alikuwa ameziangalia pakiti zile mchana na usiku, akazinusa, akazitikisa sikioni, na hakuona lolote. Na msichana huyu, kwa beseni lake mwenyewe la kuoshea vyombo, alikuwa ameifanya pakiti iseme mahali inapoumwa. Aliogopa kidogo na akafurahi sana, vyote kwa pamoja, kama mtu aliyeonyeshwa mapigo ya moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa.

"Pale ndipo hewa inaingia," Liz akasema. "Oveni yenu haina shida. Huo moto hamkukosea hata mara moja. Ni mdomo wa mfuko."

Akaikausha pakiti, akaikata kwa mkasi, akazitoa biskuti moja moja, akizipanga juu ya meza kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kumi na saba, kumi na nane. Kisha akaingiza vidole tena, akatoa nyingine, ambayo ukingo wake ulikuwa umepinda kidogo, ya kutoka pembeni mwa trei.

"Kumi na tisa," akasema.

Bathsheba alifikiri amekosea kuhesabu. Liz akakata pakiti nyingine. Kumi na tisa. Nyingine. Kumi na tisa. Katika kila moja ile ya mwisho ilikuwa imesimama wima juu ya wenzake, na mahali ilipousukuma mfuko ndipo mdomo uliposhindwa kushikana vizuri, au ndipo punje ya unga ilipokwama kati ya nailoni mbili.

"Nani anaongeza?" Liz akauliza.

Bathsheba aliigeukia meza ya upande wa pili, na hapo ndipo akaelewa zilikokuwa zikienda biskuti za pembeni mwa trei, ambazo siku zote alidhani Leonida anawapelekea wajukuu.

"Ni mimi," Leonida akasema, na kidevu chake kilikuwa juu. "Wewe, nyathina, mtoto wangu, huwa unauziwa kitu bila kuongezewa?"

Liz hakucheka. "Mamangu anauza nyanya Oyugis," akasema. "Najua nyongeza. Nimelelewa na nyongeza. Lakini hii moja, mama, inaharibu hizo kumi na nane."

Leonida akazitazama zile biskuti zilizopangwa. Hakuwa ameona aibu, lakini alikuwa ameumia, na Bathsheba aliona. Miezi mitano mwanamke huyu alikuwa ameketi hapo akimtupia kila mtu moja juu, watu ambao hatawaona kamwe, bila kumwambia yeyote na bila kungoja ashukuriwe.

Bathsheba akajaribu kumwokoa. "Si tutaandika tu gramu mia na sita? Tuhesabu kumi na tisa, tutafute mfuko mkubwa."

"Mkibadilisha mfuko na uzito, ombi linaanza upya," Liz akasema. "Lakini inawezekana. Mwakani."

"Hata mwakani haiwezekani," Leonida akadakia. "Ukiandika, hiyo sio nyongeza tena. Hiyo nimemuuzia. Nyongeza haiandikwagi."

Liz alikuwa na kanuni ya kila kitu katika mkoba wake, ya madini ya risasi kwenye rangi na ya majivu kwenye unga, na ya jambo hili hakuwa nayo. Akaandika tarehe ya sampuli ya tatu: Ijumaa ya wiki inayofuata. Akawaaga kwa heshima, akamwinamia Leonida kidogo kama mtu anavyomwinamia mama mkwe, akaondoka.

"Kuanzia leo ni kumi na nane," Bathsheba akasema walipobaki wawili. Alijaribu kulisema kwa upole, likatoka kavu.

Leonida akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine. "Basi mashine ikuuzie," akasema, akaenda zake.

Siku tatu zilizofuata Bathsheba aliziba mwenyewe. Aliunguza mifuko, akaipinda, akaachia kabla taa haijazimika, akaachia baada. Kila jioni alizizamisha pakiti kwenye beseni, na viputo vikapanda kutoka kila kona. Alikuwa na mkono wa chumvi. Mkono wa kuziba alikuwa nao Leonida, na Leonida alikuwa nyumbani kwake, hatua mia mbili tu kutoka pale, akichambua mboga kwa hasira.

Siku ya nne Bathsheba akamwendea. Kwa desturi ilipasa aanze na habari za watoto, habari za mvua, habari za ng'ombe, na alizianza zote kwa uaminifu. Leonida alijibu kwa neno moja moja. Mwishowe Bathsheba akaishiwa na habari.

"Mama Tony, sokoni unamwona mtu unayemwongezea," akasema. "Unamjua, unamjua na mama yake. Huyu wa Osiri humwoni. Hakujui. Hata akifungua akakuta kumi na tisa, atadhani mashine imekosea. Wewe unampa nani?"

Leonida alipojibu, sauti yake ya kuamuru haikuwepo.

"Ndiyo maana nampa. Simwoni. Anashika kamfuko kamefungwa, kanang'aa, kana nambari. Atajuaje kulikuwa na mtu huku?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Bathsheba pia tangu siku ile dukani, alipozigeuza zile pakiti moja baada ya nyingine na kujiuliza ni kina nani. Kwa miezi mitano walikuwa wakifikiria jambo moja, wakiwa meza moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mapenzi yake kwa mwanamke huyu mkorofi yalimjaa kifuani mpaka akashindwa kuinua macho.

"Atajua ikimfikia ikiwa kavu," akasema. "Sina ingine ya kukuambia, Mama Tony. Atakula, itakuwa kavu, atajua kuna mtu alifunga vizuri. Na mimi siwezi kufunga. Nimeunguza mifuko mia moja."

"Mia moja?" Leonida akainua kichwa. "Yawa! Hiyo mifuko ya watu Nairobi wamechapa?"

"Mia moja na kitu."

"Unaachia kabla taa izime. Najua tu, wewe unaogopa moto." Akainuka, akakung'uta majani mapajani. Hakusema kwamba amekubali, na Bathsheba hakuwa mjinga wa kumwuliza.

Ijumaa Liz alikuta pakiti mia mbili na arobaini zimepangwa. Akachagua zake kutoka katikati ya rundo, hakumwachia mtu amchagulie, akazipima, akazitia muhuri wa karatasi, akasaini, na Bathsheba akasaini. Akaeleza kwamba safari hii zitawekwa maabara ndani ya kabati lenye joto na mvuke kwa siku tisini, kwa sababu kwenye mfuko wameandika kwamba biskuti hukaa miezi sita, na neno lililoandikwa lazima lijaribiwe. Joto la kabati hilo ni baya kuliko la rafu yoyote, akasema. Ni kama kuziweka Macalder mwezi wa pili na kuzisahau hapo.

Siku tisini ni nyingi. Watu hawakukaa wakizihesabu; ng'ombe alizaa, mvua zikaja na kuharibu daraja la miti, Tony, mwana wa Leonida, akaposa. Soko la Ndhiwa liliendelea, na huko, kwenye beseni, Leonida aliwaongezea watu mpaka Bathsheba akaanza kuwa na wasiwasi wa namna nyingine. Moja juu ikawa mbili juu. Ni kana kwamba alikuwa akiwalipa wa Ndhiwa haki ya wale wa Osiri. Abdikarim alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema rafu bado iko, ila watu wa ile biskuti nyingine wamemletea kalenda na miavuli, na yeye ni binadamu.

Bathsheba alilifikiria lile kabati kila siku. Alipokuwa akikanda alilifikiria, na alipokuwa kanisani pia. Aliziona pakiti zake zimesimama gizani, huko mbali, katikati ya mvuke, bila yeye, bila mtu wa kuzitetea, zikiwa na ukanda mmoja mwembamba kuliko ukucha ulioshikanishwa na mkono wa Leonida. Lilimtisha na kumstaajabisha, kwamba kitu alichokikanda kwa vidole hivi kingeweza kusimama peke yake mbele ya watu wasiomjua na kuulizwa kama ni cha kweli.

Simu ilikuja siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wakati wote wawili walikuwa mezani wakichambua omena. Jina la Liz likawaka kwenye kioo. Bathsheba akaifuta mikono, akashindwa kuibonyeza, Leonida akambonyezea na kuweka sauti ya juu.

"Mama, habari za asubuhi."

"Nzuri, madam."

"Mama Tony yuko?"

"Niko," Leonida akasema.

"Sawa. Barua yenu itakuja na njia yake. Bado haijasainiwa, na mimi siruhusiwi kuwaambia matokeo kwa simu. Naeleweka?"

"Naam," Bathsheba akasema. Akakaa juu ya gunia la mtama.

"Lakini niko hapa maabara. Niko na pakiti yenu mkononi, imetoka kwa kabati sasa hivi. Nimeikata. Nimeshika moja." Waliweza kusikia mashine fulani ikinguruma nyuma yake, na mlango ukifungwa. "Hakuna mahali imeandikwa siwezi kuvunja biskuti nikiwa kwa simu. Sikizeni."

Leonida aliinama mpaka sikio lake likakaribia kugusa simu. Bathsheba hakuinama, hakuweza.

Ikavunjika. Ilikatika mara moja, sauti kali, safi, kavu, kutoka Kisumu mpaka juu ya ile meza, na omena wote mezani wakawa hawana maana yoyote. Bathsheba aliweka mikono miwili kichwani. Alitaka kusema asante, alitaka kupiga kigelegele, na hakuna kilichotoka ila machozi.

Leonida hakulia. Alikuwa bado ameinama, macho ameyafumba, mkono wake wa kuziba umetulia wazi juu ya meza.

"Mwambie," akamnong'oneza Bathsheba, "mwambie avunje tena."